Nyaya Nane na Sindano Moja

Tak.

Halafu kimya. Halafu tena tak, na nyingine upande wa jikoni, tak-tak, kama mtu anavunja njiti za kiberiti moja moja.

Yalikuwa mabati ya paa langu. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili nayasikia. Kila alfajiri ya msimu wa baridi, kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo, ubaridi huyashika mabati nayo hujivuta, na kila yanapojivuta kwenye misumari yake hutoa mlio. Mgeni angedhani kuna paka juu. Mimi hugeukia ubavu wa pili nikaendelea na usingizi wangu.

Asubuhi ile sikugeuka. Nilibaki nimetazama juu gizani, kwa sababu kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mjukuu wangu, na juu ya stuli katikati ya vitanda vyetu kulikuwa na kikopo cha peremende. Ndani ya kikopo ilikuwa kazi yake ya miaka miwili, imekatika.

Alikuwa amefika jana yake, Jumapili, jua likiwa bado juu. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akasema, "Mke mwenza, nimekuja kulia kidogo halafu nitarudi."

Tunaitana hivyo tangu akiwa na miaka mitatu. Babu yake, Mungu amrehemu, alipenda kumwambia mbele yangu kwamba yeye ndiye mke mdogo na mimi nimeshachakaa, basi mtoto akaja jikoni kunipa pole. Babu ameondoka, sisi wajane wake wawili tumebaki na utani wetu.

"Lia," nikamwambia, "lakini vua viatu kwanza, nimetoka kupiga deki."

Akacheka, na kilio kikawa kifupi. Nilimpa maji ya kunawa uso, nikasogeza viti viwili dirishani. Akafungua kikopo.

Kabla sijasema kilichokuwa ndani, niseme nilivyokuwa mimi. Nimefanya kazi miaka ishirini na saba katika karakana ya kutengeneza mota na transfoma. Kazi yangu ilikuwa kuwaindi, yaani kuzungusha waya wa shaba kwenye koili, mzunguko juu ya mzunguko, mamia na mamia, nikihesabu kwa midomo. Siku yangu ya kwanza nilichezewa mchezo waliochezewa wanagenzi wote. Unapewa transfoma nzima na betri ya gari. Msimamizi anakuambia kwa uso mkavu, "Hizi volti kumi na mbili zikuze ziwe mia, nakwenda chooni narudi." Unafunga. Unapima. Sindano ya mita inaruka kidogo halafu inalala. Unafunga upya, unakaza, jasho linakutoka, na nyuma yako karakana nzima imeshika mbavu.

Kwa sababu transfoma haiwezi kukuza umeme wa betri. Umeme wa kwenye nguzo huenda mbele na kurudi nyuma bila kupumzika, na sumaku yake ndani ya koili inacheza nao, na huko kucheza ndiko kunakozaa umeme upande wa pili. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu. Sumaku yake inasimama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka barabara. Sumaku iliyosimama haizai kitu.

Kisa hicho nilimsimulia mjukuu wangu akiwa na miaka tisa, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta, akauliza, "Sasa Bibi, si itafutwe sumaku inayotembea yenyewe?"

Nikamwambia amalize vyombo.

Miaka kumi na mitano baadaye alinipigia simu kutoka maabara anakosomea. Hakusalimia. Alisema, "Bibi, nimeipata ile sumaku inayotembea." Nilikuwa nimesahau kabisa. Ilibidi anikumbushe mpaka sahani.

Basi ndani ya kikopo, juu ya pamba, kulikuwa na kibao kidogo kama kucha ya kidole gumba, cheusi, kinang'aa. Jumapili ile alinieleza upya, taratibu, kama anavyojua napenda. Kuna vitu, alisema, ambavyo ukivipoza kupita kiasi vinaacha kabisa kuuzuia umeme. Wao huviita vipitishi vikuu. Juu ya kibao kile kuna tando mbili za kitu cha namna hiyo, moja juu ya nyingine, na katikati yake ngozi nyembamba isiyopitisha umeme hata chembe. Ukisogeza sumaku karibu, haiingii yote kwa mkupuo. Inapenya kwa nukta nukta, na kila nukta ni kimbunga kidogo sana cha sumaku.

"Ukipitisha umeme wa betri kwenye utando wa juu," alisema, "vimbunga vyake vinasukumwa, vinatembea. Na vimbunga vya utando wa chini vimeshikana mikono na vya juu, kupitia ile ngozi. Vya juu vikienda, vya chini vinaburutwa."

"Na sumaku ikitembea kwenye utando wa chini..."

"Sema, Bibi."

"Umeme unazaliwa," nikasema. "Hilo hata mimi nalijua."

"Bila waya wowote kuunganisha huku na huku. Betri upande huu, umeme wa upande mmoja unatoka upande ule. Transfoma ya betri." Akakisukuma kikopo kwangu. "Kama ingefanya kazi."

Wengine duniani wameshaifanya, alinieleza. Hakudai kuwa wa kwanza. Lakini katika maabara yao hakuna aliyewahi, na tando zake alizitengeneza mwenyewe kwa njia aliyoibuni yeye. Tatizo ni kwamba chombo cha kupimia ni kimoja na wanafunzi wanne wanakisubiri. Mkuu wa maabara, mwanamke mmoja wanayemwita Daktari, ameweka sheria: kila mmoja majaribio matatu, kisha anampisha mwenzake. Mjukuu wangu ametumia mawili. Mara zote mbili, alipozamisha kibao kwenye kimiminika cha baridi, nyaya zilibanduka. La tatu ni kesho yake, Jumatatu mchana. Likishindikana, kazi inafungwa, naye atapewa nyingine: kupima paneli za jua zilizotengenezwa na watu wengine.

"Gundi nimebadilisha mara nne," alisema. "Nimesafisha. Nimekausha siku nzima. Zinashika vizuri mezani, unaweza hata kuzipuliza. Kwenye baridi, puu."

Nilichukua lenzi yangu ya kazini, ile iliyofungwa uzi mpini, nikatazama. Nyaya zenyewe zilikuwa nyembamba kuliko unywele, nane, nne za utando wa juu na nne za chini. Tano zilikuwa bado zimeshika upande mmoja. Na namna zilivyokuwa zimelazwa! Zimenyooka, zimekazwa, hakuna hata mmoja uliojikunja.

Niseme ukweli, kifua kilinijaa. Mkono ule niliufundisha mimi. Akiwa mdogo alikaa chini ya benchi langu wakati wa likizo, nikampa mabaki ya shaba, na kila alipoleta koili yake nilipitisha kucha juu yake. Waya ukitikisika, nilimrudisha. Waya uliolegea ndani ya transfoma hutetemeka, ukitetemeka huchubuka, ukichubuka huungua, na nyumba za watu zinakuwa giza. Kwangu mimi waya uliolegea ulikuwa aibu.

"Safi kabisa," nilimwambia Jumapili ile. "Umekaza kama nilivyokufunza."

Ndiyo maneno niliyolala nayo.

Tak, yakalia mabati.

Na gizani pale nikamkumbuka mume wetu mezani, amevua buti, miguu yake juu ya kigoda. Yeye alikuwa fundi wa laini, mpanda nguzo. Yeye alitundika nyaya nje, mimi nilizungusha za ndani, na tuligombana juu ya waya miaka yote ya ndoa yetu kama wengine wanavyogombania chumvi.

"Nimepita chini ya laini yako leo," nilikuwa nikimwambia. "Imening'inia kama kamba ya kuanikia nepi."

"Nimeiacha makusudi, mama."

"Makusudi ya uvivu."

"Jua likiwaka waya unarefuka, baridi ikija unafupika. Nikiukaza kama wewe, siku ya baridi utang'oa vikombe vya kaure vinavyoushika juu ya nguzo. Sisi wa nje tunauachia nafasi ya kupumua."

Nilimsikia mara mia. Nilidhani anasema habari za nyaya zake nene, huko juu kwenye upepo. Zangu zilikaa ndani, kwenye joto, zimepakwa vanishi, ilinihusu nini? Na mtoto alipokuja kujifunza, alijifunza kwangu.

Nilishusha miguu sakafuni. Nikamgusa bega.

"Mke mwenza. Amka. Mume wetu alikuwa sahihi."

"Nani?"

"Mume wetu."

"Bibi, umeota. Lala."

"Sikuota. Waya wako una urefu gani?"

Alijibu macho yamefumba. "Kama upana wa kucha."

"Na hiyo baridi unayouingizia ni kali kiasi gani?"

"Karibu digrii mia mbili chini ya sifuri. Kwa nini?"

"Mabati yangu yanalia kwa baridi ya sweta moja tu. Sikiliza."

Tukasikiliza. Kwa bahati mbaya paa likakaa kimya, bila haya, kama mtoto aliyeambiwa aimbe mbele ya wageni. Nikaona ataanza kukoroma. Halafu upande wa jikoni: tak. Halafu juu ya vichwa vyetu: tak-tak.

Aliketi. Nikawasha taa. Alikuwa ameshika mdomo.

"Nilihesabu kusinyaa kwa kibao," alisema polepole. "Nikahesabu tando, na gundi. Nimejaza kurasa tatu. Nyaya sikuzihesabu, Bibi. Nyaya nilizifunga tu."

"Kama nilivyokufunza."

"Kama ulivyonifunza. Kichwa kilijua, mikono ikakufuata wewe."

Nilitamani aseme si kosa langu. Hakusema, maana hajawahi kunidanganya. Alifanya jambo bora zaidi: alivuta blanketi lake akanifunika magoti, akalalia paja langu, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka jirani akagonga ukuta.

Kulipopambazuka alimpigia simu mtu wanayemwita Bwana Baridi. Huyo ni mhimilishaji wa mifugo, yaani huwapandikizia ng'ombe mbegu bila dume kuwepo. Anazunguka mashambani na mtungi mkubwa wa naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, ambamo huhifadhi mbegu za madume, na katika mtungi wa pili huipelekea maabara ya mjukuu wangu ile wanayohitaji. Siku hiyo alipaswa kupita huko saa nne. Aliposikia kwamba na bibi yupo, akaja kutuchukua mlangoni saa moja na nusu.

"Bibi akae mbele," alisema. Mtungi ulikuwa kwenye kiti cha mbele, umefungwa mkanda kama abiria. Akaufungua, akauhamishia nyuma, akaufunga kamba mbili, akapangusa kiti kwa mkono wa shati lake. "Leo ng'ombe watasubiri. Hakuna ng'ombe aliyewahi kunipigia simu kulalamika."

"Wenye ng'ombe je?" nikauliza.

"Hao nitawaambia gari liliharibika."

"Usiseme uongo kwa ajili yetu, mwanangu."

Akafikiri. "Basi nitawaambia nilikuwa nasaidia kuzaliwa kwa umeme. Hawataniamini, lakini nitakuwa nimesema kweli."

Njiani aliendesha polepole kwenye kila tuta. Sikujua kama ni kwa ajili ya mtungi au mgongo wangu. Nadhani ni vyote viwili.

Mlinzi wa lango la chuo aliniangalia, akaangalia kikapu changu. "Shikamoo Bibi. Zahanati ni lango lile la pili."

"Marahaba. Siumwi. Nimekuja kazini."

Alitazama kwenye kitabu chake, kana kwamba huenda kweli nimo, kisha akainua kizuizi.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu chenye meza mbili, madirisha yenye vumbi kwa nje tu, na jagi la chai juu ya kabati. Mlangoni pamebandikwa karatasi ya majina ya wanafunzi, kila jina na visanduku vitatu mbele yake. Kwenye mstari wa mjukuu wangu visanduku viwili vilikuwa na alama ya kukosa, kwa kalamu nyekundu. Nilikitazama kile cha tatu kuliko nilivyopaswa.

Daktari alikuwa mrefu, mkavu, miwani kwenye paji la uso. Mjukuu wangu alimweleza yote, bila kuficha: nyaya, baridi, mabati, mimi. Nilitegemea atacheka au atanitoa nje. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua sweta lake, akalikunja, akaliweka juu ya kile kiti kirefu cha chuma kisicho na mto. "Mama, hivi viti ni vigumu," alisema. Kisha akatoka, akatuachia chumba mpaka mchana.

Tukaanza. Kibao kipya kilikuwepo, cha mwisho. Kulikuwa na nyaya nane za kulaza, na kila mmoja kubandikwa ncha mbili kwa gundi yenye unga wa fedha. Na hapo ndipo tulipogundua jambo la ajabu: hatukuweza. Sote wawili. Mjukuu wangu aliulaza waya wa kwanza, akajisemea "legeza, legeza," na vidole vyake vikaukaza. Akautoa. Nikajaribu mimi, nikijua kabisa ninachotaka, na kidole changu cha shahada kikavuta ule unyoya wa waya mpaka ukanyooka kama mstari wa rula. Miaka ishirini na saba haiagizwi ikaacha.

"Babu alifanyaje?" aliniuliza. "Alijuaje aache kiasi gani?"

"Alikuwa akitanguliza ngumi yake. Alisema waya wa kuingia nyumbani, ukibakiza pengo la ngumi, umetosha."

"Ngumi humu haiingii."

"Haiingii," nikasema, na mkono wangu ukawa tayari ndani ya kikapu. Humo sikosi kijaluba cha sindano. Nikachagua iliyo nyembamba kuliko zote, ile ya kushonea shanga. "Ilaze katikati ya kibao. Waya upite juu ya sindano. Kaza utakavyo. Gundi ikikauka, tunachomoa sindano."

Alinitazama. Kisha akaniinamia, akanibusu kwenye kilemba.

Tulifanya hivyo nyaya zote nane. Nne yeye, nne mimi, lenzi jichoni, pumzi tumeibana. Mkono wangu unatetemeka siku hizi ninaposhika kikombe, lakini ukishika waya unatulia. Sijui ni nani anauambia. Bwana Baridi, aliyesema anashusha mtungi tu na kuondoka, alikuwa bado amesimama pembeni, amezuia mlango kwa mgongo wake ili upepo usiingie. Hakuna aliyemwomba. Gundi ilipokauka, mjukuu wangu alichomoa sindano polepole, na kila waya ukabaki na kitao chake kidogo, kama daraja la sisimizi.

"Zimelegea," nikasema. Ilinitoka kwa uchungu wa zamani.

"Zimelegea kabisa," alisema. "Zinatia aibu."

Saa nane ilipofika, Daktari alirudi. Kibao kilifungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, Bwana Baridi akamimina naitrojeni ndani ya chombo. Ilichemka na kutoa ukungu uliotambaa mezani mpaka sakafuni, ukapita juu ya viatu vyangu. Mjukuu wangu akaanza kushusha fimbo. Sauti ya kuchemka ikaongezeka, ikavuma, kisha ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Hiyo ndiyo ishara kwamba kilichozamishwa kimepoa sawa na maji yenyewe.

Mara mbili zilizopita, hapo ndipo zilipobanduka.

Alishika mita. "Waya wa kwanza," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Upo." Akahamisha kidogo. "Wa pili upo. Wa tatu upo. Wa nne." Nilikuwa nahesabu kwa midomo kama nilivyohesabu maisha yangu yote. "Wa tano. Wa sita upo. Wa saba." Akahamisha ncha ya mita, akaibonyeza tena. "Wa nane. Bibi, wa nane upo."

"Sijauliza," nikasema, nikafuta macho kwa ncha ya khanga.

Lakini nyaya zilikuwa mlango tu. Akainua fimbo kiasi, kibao kikae juu kidogo ya kimiminika, pale ambapo, alisema, vimbunga havigandi mahali pamoja. Akasogeza sumaku. Kisha akatoa betri mfukoni. Betri ya kawaida kabisa, ya tochi. Aliniangalia kabla hajaifunga kwenye utando wa juu, nikajua sote wawili tunaiwaza transfoma ile ya siku yangu ya kwanza, na msimamizi aliyekwenda chooni.

Akafunga.

Kwenye kioo cha mashine iliyosoma utando wa chini palikuwa na sifuri nyingi. Sifuri ya mwisho ikageuka kuwa tatu. Ikawa tano. Ikatulia kwenye saba. Ilikuwa sehemu ndogo sana ya volti, sehemu za milioni, haiwezi kuwasha hata taa ya sisimizi. Lakini ilitulia. Haikuruka ikalala. Ilisimama pale, saba, saba, saba.

Mjukuu wangu hakupiga kelele. Nilimwona ameng'ata mdomo.

"Inaweza kuwa imevuja," alisema Daktari. "Ngozi ya katikati ikiwa na tundu, umeme unapita moja kwa moja. Hiyo itakuwa ni waya mbovu tu, siyo transfoma."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Msimamizi wangu mwema kuliko wote alikuwa hivyo hivyo: alipitisha kucha yake juu ya koili yako hata siku ya harusi yako.

"Toa sumaku," Daktari alisema.

Mjukuu wangu akasogeza sumaku mbali. Saba ikafa. Zikabaki sifuri. Akarudisha sumaku, saba ikarudi. Akageuza betri, kichwa kikawa mkia: saba ileile, sasa na alama ya kutoa mbele yake. Mwishoni akapima kati ya utando wa juu na wa chini moja kwa moja, na mita ikaonyesha kwamba hapapiti kitu. Ngozi ilikuwa nzima. Hakukuwa na njia nyingine umeme ule ungeweza kufika, isipokuwa umezaliwa huko chini, na vimbunga vilivyoshikana mikono.

Daktari alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Kisha akaenda mlangoni, Bwana Baridi akampisha, na kwenye kile kisanduku cha tatu akaweka alama ya vema, kubwa, ikatoka nje ya mistari. Chini yake akachora kwa mkono visanduku vingine sita.

"Unganisha tando za chini nyingi kwa mfululizo," alisema bila kugeuka, "tuone kama unaweza kuikuza. Chombo ni chako mpaka mwisho wa mwaka. Wenzako nitawatafutia kingine."

Hapo ndipo mjukuu wangu alipopiga kelele. Alipiga ukelele wa mtoto wa miaka tisa, akamkumbatia Bwana Baridi aliyekuwa karibu, akamwacha, akanikumbatia mimi na kiti changu pamoja. Bwana Baridi akasema, "Nilizoea ndama, lakini hii nayo ni nzuri," na nadhani alikuwa anafuta jicho.

Nimejivunia mengi. Nimejivunia transfoma niliyoifunga nikiwa na mimba ya miezi minane, ambayo mpaka leo inanguruma nyuma ya soko. Lakini fahari ya siku ile ilikuwa na ladha nyingine, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kosa langu, nalo halikuiharibu. Mtoto alichukua mkono wangu wa kukaza na nafasi ya babu yake ya kupumua, akavishona pamoja kwa sindano ya shanga, na namba ikasimama. Laiti mume wetu angekuwepo, angetusumbua kwa kiburi mwezi mzima. Ningemvumilia.

Daktari alinimiminia chai mwenyewe. Alikumbuka kuniuliza kama natia sukari. Tulikunywa tumesimama, kwa kuwa mjukuu wangu alikuwa ameshatandaza karatasi zake kwenye meza zote mbili na haonekani kutusikia tena.

Niliporudisha kikombe, nikakusanya kikapu changu. Sindano niliiacha pale, juu ya pamba, ndani ya kikopo cha peremende. Daktari alinisindikiza mpaka kwenye gari. Bwana Baridi alikuwa tayari ameliwasha, na kiti cha mbele amekitandikia gunia safi.

"Mama," Daktari alisema, ameshika mlango usifungike. "Nina wanafunzi wanne humu, wote wanakaza nyaya au wanalegeza ovyo, hakuna wa katikati. Jumatatu ijayo unaweza kuja?"

"Jumatatu ni siku yangu ya kufua, na ya leo imeshanipita."

"Jumanne, basi."

Nikasema nitaona na magoti yangu. Alitikisa kichwa kukubali, lakini mlango hakuuachia. Alikuwa amesahau sweta lake kwenye kiti, na ule ukavu wake wa asubuhi ulikuwa umemtoka.

"Njoo tena, Mama," alisema. "Hata kama hakuna kilichokatika."